Mbuzi Asiende Golf

Lusaka, Jumapili baada ya misa

Baba yangu mpenzi,

Nakusalimu wewe na mama, na nyumba yetu yote ya mtaa wa Annexe. Mgongo wako unaendeleaje? Mvua ya kwanza imeshanyesha huko? Mimi ni mzima, nimekonda kidogo tu. Nshima, ugali wa hapa, inafanana na bukari yetu mpaka nikiila nawakumbuka.

Naandika kwa sababu kwenye simu ungenikata kauli. Mdogo wangu Mireille ameniambia unamnenepesha yule mbuzi wa madoa, na kwamba akianza chuo utampeleka huyo mbuzi kwa professeur kule Golf, mtaa wa matajiri, kama ulivyofanya kwa ajili yangu. Baba, nakuomba usiende.

Nakumbuka siku ile. Ulivaa koti lako la misa, nami nikashika kamba ya mbuzi. Tulipofika kwenye villa, mlinzi alifungua geti kidogo tu.

"Papa, acha yeye hapa. Patron iko anapumuzika."

"Hata tumusalimie kidogo?"

"Salamu nitamupatia. Mutoto anaitwa nani?"

Ukamtajia jina langu, ukalirudia ili asilisahau. Njiani kurudi ulikuwa unacheka: "Godé, sasa unaweza kulala." Sikulala. Matokeo yalipotoka nilikuwa nimefaulu. Wewe ukawaita majirani, mimi nikabaki chumbani nikijiuliza nani amefaulu, mimi au mbuzi. Mpaka leo sijui.

Watu husema nilikuja Zambia kufuata Kiingereza. Hapana. Nilitafuta mahali ambapo nikianguka, nianguke mimi mwenyewe. Claudine, ninayelala naye chumba kimoja, alitoka Bujumbura kwa sababu mwalimu wake alitaka wazungumzie matokeo nyumbani kwake, si ofisini. Tukiwa wawili tunapika, hatuzungumzii uzuri wa chuo hiki. Tunazungumzia tulichokikimbia.

Usidhani hapa ni mbinguni. Polisi wa barabarani wana njaa kama wa kwetu. Lakini sikia kilichonipata. Muhula wa kwanza hapa nilianguka somo la magonjwa ya mifugo. Nikafanya nini? Nikanunua kuku, nikamfunga miguu, nikampelekea mwalimu wangu ofisini. Ni mama wa makamo, mpole. Alimpokea kuku kwa mikono miwili, akamfungua mdomo, akamtazama macho, akampapasa kifua.

"Ana nini?" akaniuliza.

Akampapasa tena mabawa.

"Mbona hana ugonjwa?" Kisha akanitazama mimi, akaelewa. Hakunigombeza. Alinirudishia kuku polepole, kama mtu anayerudisha mtoto mchanga kwa mama yake. "Mtihani wa marudio ni wa kila mtu, binti. Nenda kasome."

Nikasoma. Niliposhinda nililia hadi Claudine akaniuliza, "We Mkongo, kwani umefaulu au umefiwa?"

Sikulaumu, baba. Ulitoa kitu kizuri kuliko vyote ulivyokuwa navyo, na ukakitoa kwa mtu ambaye hakutoka hata kukuona. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Lakini Mireille si mimi. Yeye hataki kuondoka. Anataka kuwa ingénieur wa migodi, alale nyumbani, amsaidie mama shambani. Na ana akili kunizidi. Mbuzi akienda Golf, naye ataanza kujiuliza kama mimi, na siku moja atafunga mizigo aende mbali ili apate jibu. Nyumba itabaki na ninyi wawili.

Nisalimie mama. Nisalimie shangazi wa Kipushi anayeuza samaki wakavu, na kaku, bibi yetu, umwambie rozari aliyonipa bado iko mfukoni mwangu. Mireille mwambie yaya yake, dada mkubwa, anamngoja huku kwa likizo tu, si zaidi.

Na yule mbuzi, Mireille akifaulu, mchinjeni hapo nyumbani. Akianguka, mchinjeni vilevile. Mpeni yeye paja, ashibe, arudie mtihani.

Mtoto wako anayekupenda,
Godelieve