Neno Lisilojulikana Barazani

Jumapili, 2 Novemba
Nimefagia baraza, nimepika kahawa. Kurudi na birika nimekuta washakaa. Swaleh muuza samaki, ndugu zake wawili, na wajukuu wa Bi Zuhura, jirani yangu wa ukuta mmoja. Vichwa chini, vidole mbio. Salamu wameitikia kwa kidevu. Zamani walikuja kunisikiliza mimi. Sasa wanafuata waifai yangu.

Nilijitakia. Siku ilipofungwa nilitangaza: Mambrui nzima hakuna mtandao kama wangu, mkubwa kwa mdogo aje. Jirani akileta kifuu kuomba kaa la moto, humnyimi. Nikaona mtandao ni hivyo hivyo. Lakini kaa ukigawa, jiko lako halizimi.

Jumanne, 4 Novemba
Aibu. Rukia wangu anaolewa hukohuko Maskati anakofanya kazi, Ijumaa ya wiki ijayo. Leo kapiga simu ya picha nijuane na wazee wa mume. Nimevaa kanzu ya Idi. Ndio kwanza nawaeleza nilivyowapikia Wataliano wa Malindi mpaka wakasahau kwao, picha ikaganda. Mdomo wazi, jicho moja limefumba. Rukia asema nilibaki hivyo kwenye televisheni yao mpaka chai ikaletwa.

Shehe wa kule anataka anione na anisikie nikitoa idhini kwa ulimi wangu. Ikikatika siku hiyo, itabidi nimteue mtu wa huko awe wakili wangu. Sitaki. Binti ninaye mmoja. Nimwoze kwa mdomo wa mtu?

Alhamisi, 6 Novemba
Nimepigia kampuni ya mtandao. Kapokea binti mmoja mpole, akatazama kwenye mashine zake. "Mzee wangu, hii ni nyumba ama ni shule?" Kanielekeza nibadilishe neno la siri. Nimeweka Genova, bandari niliyoshuka nikiwa mpishi wa meli. Nikaketi kama sultani.

Adhuhuri haijaadhiniwa, Swaleh huyo. "Sahibu, Genova bado iko palepale." Wamecheka wote. Nami nimecheka, meno tu.

Jumamosi, 8 Novemba
Nimeweka Donatella. Mwenye hoteli aliyelia nilipoacha kazi. Kufika alasiri wajukuu wa Bi Zuhura wanatazama katuni.

Nimechoka. Hawaibi hawa. Wanazipitia hadithi zangu moja baada ya moja, wanajaribu majina. Meli, mabosi, miji, hata yule paka wa Karachi. Mtu anayesema kama mimi hana pa kuficha ufunguo.

Mama Rukia naye: "Huyo Donatella ndiye nani hasa?" Wali nimeula umepoa.

Jumatatu, 10 Novemba
Niliwaomba kistaarabu. Ijumaa mzime simu, mwenzenu naoza. Wakakubali papo hapo, ni watu wema. Tukajaribu leo. Swaleh na wenzake wamezima wote, na Rukia bado anakatika. Kumbe kuna wengine nyuma ya ukuta, waendesha bodaboda, wapangaji wa nyumba ya tatu, watu nisiowajua hata sura. Neno langu limesambaa kuliko habari ya msiba.

Rukia kasema, "Baba, mteue mtu tu. Hakuna ubaya." Sauti yake imechoka kuliko yangu. Nimeenda kukaa chooni. Ndipo mahali pekee pasipo watu.

Jumatano, 12 Novemba
Yule binti wa kampuni tena. Kaniambia nikipindue kile kidude cha mtandao, nitazame karatasi iliyobandikwa chini. Pana neno jingine, la kufungulia mitambo yenyewe. Nikakumbuka Swaleh alishaipiga picha akinywa kahawa yangu. Tumelibadilisha hilo. Kisha kanifungulia mlango wa wageni, mtandao wa pembeni, mwendo wa kobe. Ninaufunga nikitaka. Roho imetulia kidogo, sikutaka kuwafukuza.

Likabaki neno la nyumba. "Weka kitu hujawahi kumsimulia mtu, mzee."

Mimi? Nimeshasema vyote.

Kimoja sijasema. Ilikuwa Mtwapa, chumba cha kupanga, kabla hatujahamia huku. Kabla ya Rukia. Tulimpa jina siku ya saba. Arubaini hakufika. Barazani sijalitaja hilo jina, na hapa siliandiki. Nimeliandika kule tu, kwa kidole kimoja. Yule binti akadhani simu imekatika.

Alhamisi, 13 Novemba
Swaleh kashinda akijaribu. "Sahibu, umeweka Kilatini?" Nikamwambia tumia mlango wa wageni, bwana. Akanitazama. "Hili si lako. Yako yote nayajua." Nikammiminia kahawa.

Ijumaa, 14 Novemba
Imekuwa. Nimefunga mlango wa wageni, nimemwita Swaleh na ndugu zake ndani, wakaketi mkekani na kanzu zao. Bi Zuhura kaleta halua. Shehe kauliza, nimejibu. Nimemwoza mwanangu kwa mdomo wangu mwenyewe, na picha haikuganda hata mara moja.

Rukia alikuwa na hina mpaka viwikoni. Kacheka, kisha kalia.

Jumamosi, 15 Novemba
Asubuhi ya kimya. Mama Rukia kaja na simu yake. Inadai neno jipya, naye anataka kutazama picha za harusi. Nikamwambia nipe nikuwekee. Akakataa, anaweza.

Nikamtajia.

Hakuniuliza linaandikwaje. Aliandika polepole, herufi moja moja, simu ikakubali. Akasimama nayo mkononi bila kufungua chochote. Kisha akaketi kando yangu. Picha hatukuzitazama mpaka kahawa ilipokwisha.