Namba Iliyokuja kwenye Simu ya Baba

Nyumbani,
Chumba cha mbele,
Jumapili, tarehe 14 Machi.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. U hali gani huko uliko? Lile goti lililokusumbua baada ya kuchomelea vyuma ukiwa umepiga magoti wiki nzima limepona, au bado unalidanganya kwa dawa ya kuchua? Na baridi je? Mama amesimama nyuma yangu, anasema nikuulize kama sweta la kijivu linakutosha, halafu nikuulize tena, kwa sababu mara ya kwanza hukujibu.

Sisi hatujambo. Mwaka huu Mama amepewa darasa la watoto wadogo kabisa, na akirudi nyumbani bado anatunyamazisha kwa kuweka kidole mdomoni. Mdogo wangu Mrefu amerefuka zaidi, sasa anainama akipita mlango wa jikoni. Paka ni mzima, na hana shukrani. Baba naye ni mzima. Nimemweka mwisho kwa makusudi, maana barua hii ni yake.

Usishangae kuona nimeandika kwa kalamu. Si kwamba naogopa wadukuzi. Akaunti yako sasa ni salama, nitakueleza. Nataka tu uisome ukiwa umekaa, si umesimama karakanani na simu mkononi. Kuna jambo la Jumamosi ile tulipoiokoa akaunti yako ambalo hukuambiwa, kwa sababu Baba alituomba tusikuambie. Nimemwomba ruhusa nikuandikie. Hakukubali wala hakukataa. Alisema, "Wewe ni mtu mzima," akaendelea kukunja ramani zake.

Niseme wazi, Mjomba, na unisamehe kama navuka mpaka. Tangu tumzike Bibi, barua zako zinamsalimia kila mtu wa nyumba hii isipokuwa Baba. Humtukani, humsemi vibaya, unampita tu, kama mtu anavyoruka ngazi iliyovunjika. Naye husoma kila barua pepe yako akichungulia begani kwa Mama, mpaka mstari wa mwisho, kisha anavua miwani. Safari moja alisema, "Hata paka amesalimiwa," akatoka kwenda kumwagilia maua ambayo mvua ilikuwa imeyanyeshea asubuhi hiyo hiyo.

Sababu naijua. Nilikuwepo aliposema mbele ya waombolezaji kwamba mtoto wa kiume hakosekani kwenye mazishi ya mama yake. Hakujua bado kwamba ulikuwa umenyimwa ruhusa ya kusafiri na kwamba ulikaa uwanja wa ndege na begi lako mpaka ndege ikaondoka. Alipojua, alisema amekosea. Alimwambia Mama, aliniambia mimi. Wewe hakukuambia, na wewe hukumpa nafasi ya kukuambia. Nyote wawili mna vichwa vigumu, na nimewarithi nyote.

Sasa twende kwenye habari yenyewe.

Unakumbuka nilikuambia kwamba kazi yangu chuoni ni kuwafundisha watumishi kulinda kompyuta zao. Baada ya akaunti ya jirani yetu fundi cherehani kuibwa, niliona aibu kuwafundisha watu wa nje huku nyumbani kwetu neno la siri la Mama limebandikwa kwenye kioo cha kompyuta, tena kwa karatasi yenye picha ya sungura. Nikawaketisha wote mezani. Kila mtu akapata neno lake la siri, refu, lisilofanana na la akaunti nyingine. Kompyuta ikasasishwa. Ramani za Baba zikawekewa nakala ya akiba, maana humo mna vipimo vya viwanja vya nusu ya mji huu. Na nikaweka sheria moja kubwa: namba inayotumwa kwenye simu yako ili kufungua akaunti hapewi mtu yeyote.

Baba alikuwa mwanafunzi mkorofi kuliko wote. "Yaani hata wewe ukiniomba?"

"Hata mimi, Baba."

"Na mama yako?"

"Hasa mimi," alijibu Mama. "Mimi nitaitangaza darasani."

Tulicheka. Sikujua kwamba sheria ile ingempima Baba kwanza.

Jumamosi ile mchana nilikuwa naanua nguo. Nikasikia Baba akimwita Mama, na sauti yake haikuwa ya kila siku. Nilipoingia chumba cha mbele nikamkuta ameketi mbele ya kompyuta, kifuniko cha kalamu bado kiko mdomoni, na Mama amejishika shavu. "Mjomba wako ameniandikia," Baba aliniambia. "Mimi. Si mama yako. Mimi."

Nikaisoma barua pepe yenyewe. Jina lilikuwa lako, na ilikuwa imetoka kwenye akaunti yako kweli. Ilisema: Shemeji mpendwa, habari za siku nyingi. Nisamehe kwa ukimya wangu wa muda mrefu. Nimekukumbuka sana. Halafu ikaendelea kwamba una shida ndogo na akaunti yako, kwamba namba itaingia kwenye simu yake muda si mrefu, na tafadhali akutumie namba hiyo haraka.

Simu yake ilikuwa imeshatetemeka juu ya meza. Namba ilikuwa imefika.

Mimi nilijua tangu mstari wa kwanza, Mjomba. Wewe hujawahi kumwita Baba shemeji. Tangu nipate akili nasikia unamwita Mpimaji. Na huwezi kuandika mistari minne bila kuuliza afya za watu wanne. Aliyeandika alikuwa amesoma barua zako za zamani, akajua undugu wetu, ila mazoea yetu hakuyajua. Nilimwangalia Baba anavyosoma lile neno nisamehe, anarudi juu, anasoma tena. Mimi ninayelipwa kusema "usitoe namba" nilisimama na kapu la nguo mikononi kama mgeni aliyekosea nyumba.

Baba ndiye aliyeongea. Aliichukua simu, akaitazama namba ile, akaniuliza, "Mwalimu, sheria yako inasemaje?"

"Hapewi mtu."

"Hata kama amesema nisamehe?"

Nikasema, "Hata kama, Baba."

Kisha akailaza simu kifudifudi juu ya meza, akamwambia Mama, "Mpigie kaka yako. Weka spika."

Hapo ndipo unapoingia wewe. Unakumbuka Mama alikupigia ukiwa kazini, mashine zinaunguruma nyuma yako, akakuuliza kama umemwandikia Mpimaji barua pepe. Ulijibu, "Mimi? Nimwandikie nini mimi?" Ukacheka kidogo.

Baba alikuwa pale, Mjomba. Alisikia neno kwa neno, na kicheko pia.

Sikulaumu, hukujua nani anasikiliza. Nakuambia ili ujue alichofanya baadaye. Alitikisa kichwa polepole, kama anavyofanya akipima mpaka na kukuta umesogea pale pale alipohisi. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Basi kuna mtu ameingia kwenye akaunti yake. Msimwambie kama nipo hapa. Fanyeni haraka, picha zote za mama yake zimo humo." Akasimama, akanipisha kiti chake.

Picha hizo tulikutumia sisi wakati Bibi anaumwa, na unajua kwamba simu iliyozipiga ilikufa baadaye. Ile ya Bibi ameshika mwavuli ndani ya nyumba, ile akimkemea Mrefu: zilibaki kwako tu. Sisi wengine tulikuwa bado tunafikiria wizi. Baba alishafika kwenye picha za mama yako.

Mengine unayajua, ila unayajua kwa upande mmoja. Neno la siri ulikuwa umelisahau, kwa sababu kompyuta ile ya sebuleni hapo unapopanga ndiyo iliyokuwa inalikumbuka kwa niaba yako, na ukiondoka hufungi akaunti. Yeyote aliyeketi baada yako aliingia kama kwake. Kilichombakia ni kukufungia nje, na kwa hilo alihitaji namba ile. Nami nilihitaji namba mpya ili nikurudishe ndani. Nikabonyeza mahali pa kuiomba, na kioo kikaandika kwamba namba itatumwa kwenye simu inayoishia na tarakimu mbili.

Ulipokuwa unasubiri kwenye laini nilikuambia, "Namba imefika." Ukanishukuru, ukasema bahati nzuri uliweka simu yangu. Hukuweka simu yangu, Mjomba. Wakati unafungua akaunti ile, kwenye meza hii hii, wiki ile ya safari yako, mimi nilikuwa bado sina simu. Baba ndiye aliyekufungulia, na tarakimu zile mbili ni zake.

Aliinama akaziangalia. "Hajanitoa," alisema. Ni hilo tu alilosema.

Nikanyoosha mkono anipe simu nisome. Akaivuta kifuani. "Ulisema hata wewe," akaniambia, akajisogeza mbele ya kibodi, akaiandika namba mwenyewe kwa kidole kimoja, polepole, huku ulimi umetokeza pembeni ya mdomo. Mama alilazimika kwenda jikoni kucheka.

Ndivyo ulivyorudishiwa akaunti yako. Picha zote zipo, nimezihesabu na Mama. Vifaa vyote vilivyokuwa vimeingia kwenye akaunti nimevitoa. Nikakuta pia mwizi ameacha amri ya siri ili kila barua unayopokea nakala yake imfikie yeye; hiyo nimeifuta. Watu wengi hubadilisha neno la siri na kusahau kuangalia hapo, na mwizi anaendelea kusoma barua zao kwa raha zake.

Wewe sasa nisikilize, maana umri wako haukukingi na mimi. Kompyuta ya watu wote usifungulie akaunti yako tena. Ukibanwa kabisa, ifunge kabla ya kuinuka, na mashine ikikuuliza kama ikumbuke neno lako la siri, ikatalie. Neno lile jipya la muda nililokupa natumaini umeshalibadilisha. Lisiwe jina la Bibi wala mwaka wako wa kuzaliwa. Chukua vitu vinne visivyohusiana ambavyo wewe tu ungeviweka pamoja. Simu yako ikidai kusasishwa, isasishe siku hiyo hiyo. Na mtu akikuandikia kwa jina langu akitaka kitu kwa haraka, nipigie usikie sauti yangu kwanza. Sitakasirika. Nitajivunia.

Nimeringa chuoni wiki nzima. Nimewasimulia wanafunzi wangu juu ya mzee mmoja aliyeletewa neno alilolingoja miaka, akaliweka chini kwa sababu halikuwa na uhakika, kisha akamlinda yule yule aliyetoka kumcheka. Sikuwaambia kwamba ni baba yangu. Nadhani walijua, kwa jinsi nilivyokuwa nikisimama.

Limebaki jambo moja, nalo si langu. Kwenye akaunti yako kuna mahali pa kubadilisha simu ya kukuokoa. Ningeweza kuweka yangu siku ile, ingekuwa sekunde chache. Nilimwuliza Baba. Akasema, "Aulizwe mwenyewe." Kwa hiyo sijaigusa. Sijui kama miaka yote hii uliisahau pale au uliiacha pale. Sikuulizi, ingawa ndiwe uliyenipa jina la Bi Maswali.

Mama anakusalimu sana na anasubiri jibu la sweta. Mrefu anakusalimu, anasema ukirudi mtapimana mgongo kwa mgongo. Shangazi wa duka la vitambaa anakusalimu, na fundi cherehani jirani pia. Paka amelala juu ya ramani, hana salamu.

Mungu ayalinde macho yako na cheche, na mikono yako na moto, akurudishe nyumbani kwa mlango uleule uliotokea.

Nilimwuliza Baba kama naye ana salamu. Alifikiri muda mrefu, akiwa ameshika miwani. Akasema nikuandikie kwamba namba yake haijabadilika.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye bila kupunguza,

Bi Maswali