Bomba la Kiti Lililoganda

Jumatatu, 3 Machi

Muuguzi wa kazini kaniambia niandike. Chochote, alisema, hata ulichokula. Nimekula mkate. Haya.

Leo lifti ya jengo la benki, ghorofa ya nne, mlango haufungi. Tumehangaika asubuhi nzima, kumbe kifungo cha shati kimenasa kwenye reli. Bubu alicheka hadi akakaa chini. (Bubu ni mwenzangu wa kazi. Tunamwita hivyo kwa sababu hanyamazi.) Mimi nilikitupa kifungo, nikaupima mlango, ukafunga, tukaondoka. Nilijua kinachekesha. Kucheka kwenyewe ndiko hakukuja.

Ndivyo nilivyo tangu mke wangu afariki. Si huzuni — huzuni ningeitambua. Ni ile ganzi ya kwa daktari wa meno. Unajigusa shavu, unajua ni lako, lakini halikujibu.

Jumatano, 5 Machi

Twiga ameniletea jambo wakati wa chai. Twiga ni binti yetu, jina alilipata pale miguu yake ilipoanza kurefuka bila kumsubiri yeye mwenyewe. Anataka kuingia kwenye triathloni ya mwisho wa mwezi. Kuogelea, baiskeli, mbio, vyote kwa mfululizo. Anataka nafasi ya mama yake, ambaye alikuwa amekwishajiandikisha. Waandaaji wamekubali kubadilisha jina. Ameshazungumza nao, na mwalimu wake wa michezo anajua, bibi yake anajua. Mimi ndiye wa mwisho kusikia, ndani ya nyumba yangu.

Akasema baiskeli atatumia ya mama. Yangu ni ya lijitu, akiipanda ananyooka kama nguo kwenye kamba.

Nikasema sawa. Siku hizi kila kitu nasema sawa. Mama mkwe, ambaye anakaa nasi tangu mazishi, aliniangalia juu ya kikombe chake.

Alhamisi, 6 Machi

Twiga kaja na picha za vitu kwenye simu. Kofia yenye mkia. Miwani ya jua ya kukimbilia. Viatu ambavyo hata kwenye picha unaona vinaringa. Nikamwambia futa.

Halafu sijui kilichonipata, nikaanza kuzungumza. Nikamwambia vitu vya maana ni vile vya bei chee ambavyo hakuna anayevipiga picha. Kamba za viatu za mpira: unavuta mara moja umevaa, wenzako bado wanapigana na mafundo kwa vidole vilivyolowa. Mafuta ya mgando shingoni na kwapani, usichubuke. Tone la shampuu ya watoto ndani ya miwani ya kuogelea, suuza kidogo, ukungu hauji. Mswaki mzee kwa ajili ya cheni — hakuna brashi ya dukani inayoufikia. Poda kwenye tyubu ya akiba, isijishike yenyewe kwa yenyewe. Pampu ya kusimama, yenye saa ya upepo. Hizi za mkononi zinakuchosha kabla ya safari. Na kile kipimo cha cheni! Kibati tu, kina meno mawili. Watu wanakidharau mpaka cheni ichakae iende ikatafune gia zote, ndipo wanakumbuka kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mke wangu aliniita Waziri wa Bei Chee. Alikuwa akisema hivyo mbele za watu, na huku miguuni kavaa kamba zangu za mpira.

Twiga alikuwa ananitazama mdomo. Nadhani tangu msiba sijasema maneno mengi kiasi hicho kwa wakati mmoja. Nikaona aibu kidogo, nikaenda kuosha vyombo.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeitoa baiskeli stoo. Tairi zilikuwa zimelala, nikazijaza. Nikafuta vumbi. Cheni nzuri, breki nzuri, magurudumu yanazunguka bila sauti. Niliitunza baiskeli hii kuliko meno yangu.

Twiga akapanda. Magoti yakamfika karibu na kidevu. Mama yake alikuwa mfupi, na huyu amechukua kimo cha kwetu. Nikasema shuka nikupandishie kiti. Kazi ya dakika moja: unalegeza kibano, unavuta bomba la kiti, unabana tena.

Nililegeza kibano. Nikavuta. Hakuna. Nikazungusha huku na huku. Hakuna. Nikalibana tairi la nyuma kwa magoti, nikakishika kiti kwa mikono miwili na kukikamua kama nguo. Jasho likanitoka. Twiga akauliza, kwani hukupaka grisi?

Nilipaka. Kila kitu kwenye baiskeli ile nilikuwa nakifungua, nakisafisha, nakipaka. Pedali, usukani, kila kitu. Isipokuwa hapo. Kwa nini nipafungue? Siku niliyompimia mke wangu kimo alizunguka uani mara mbili, akarudi akasema hapa hapa, usiguse tena. Sikugusa. Katika ndoa yetu yote hiyo ndiyo amri pekee niliyoitii sawasawa.

Twiga akaenda mazoezini hivyohivyo, magoti juu. Kurudi kwake akakaa ngazini, kashika goti la kulia.

Jumapili, 9 Machi

Nimetia mafuta ya kulegeza kutu kuzunguka bomba. Yanatakiwa kushuka polepole, utie asubuhi na jioni, uwe na subira. Nimemwambia Twiga hivyo. Akauliza subira ya siku ngapi, maana mashindano hayana subira.

Mama mkwe alikuwa anaanika nguo pale pale uani. Nguo za binti yake hazipo tena kwenye kamba. Shemeji zangu walikuja wakazigawana, viatu vikaenda, laini ya simu ikafungwa. Nilisema sawa kwa vyote. Hakuna kilichoniuma. Nilisaidia hata kufunga mifuko.

Jumanne, 11 Machi

Nimemweleza Bubu tukiwa juu ya lifti ya hospitali, tunapaka grisi nyaya. Kosa langu. Alicheka kiasi cha kusikika ghorofa zote.

"Wewe! Mganga hajigangi! Unapaka grisi mji mzima, ya kwako imeganda?"

Akaanza kunipa somo ambalo nalijua. Kwamba fremu ni chuma, bomba ni alumini. Kwamba ukivikutanisha vikavu, ukaongeza jasho na mvua, vinaumana kidogokidogo miaka na miaka.

"Mpaka hapo usiniambie ni vitu viwili," akasema. "Hao wameshaoana. Mpaka umchane mmo—"

Akanyamaza. Bubu, kanyamaza! Tukamaliza nyaya zote nne. Nilitaka kumwambia haidhuru, sijaumia, na ni kweli sikuumia. Lakini nikaona nikisema hivyo itakuwa mbaya zaidi.

Tukishuka akasema kwa sauti ya chini tuilete karakana Jumamosi. Jiliwa letu, lile koleo kubwa la mezani, linabana reli ya lifti, litashindwaje kubana bomba. Unaipindua baiskeli, kichwa cha bomba unakibana kwenye jiliwa, kisha fremu yote unaitumia kama mpini na kuizungusha. Inatoka. Ila bomba lenyewe litakuwa limekwisha, meno ya jiliwa yatalitafuna. Na kama halitoki, msumeno.

Nikasema tutaona.

Jumatano, 12 Machi

Twiga kauliza kama nimetia mafuta asubuhi. Nikasema nimetia.

Sikutia. Wala jana jioni.

Ijumaa, 14 Machi

Goti la Twiga limevimba. Kumbe kila siku amekuwa akienda na baiskeli ile vilevile, ananificha. Mwalimu wa michezo amepiga simu. Mtu wa adabu, alianza kwa kunipa pole, kisha akanieleza wazi: akiendelea kukanyaga na kiti kimeshuka hivyo, hilo goti litamtoa kwenye mbio msimu mzima, sio triathloni tu. Ama kiti kipandishwe, ama aache. Nikasema nimeelewa.

Nikamwambia Twiga tutakodi baiskeli nyingine. Wapo wanaokodisha, nzuri tu. Akasema hataki nzuri.

"Nataka ile, baba. Kama si ile, siendi."

"Sasa goti je?"

"Si kiti tu? Kwani kuna nini na hicho kiti?"

Nikatoka nikaenda stoo, nikasimama mbele ya baiskeli. Mama mkwe akanifuata. Anatembea kwa shida siku hizi, nilisikia kandambili zake kutoka mbali. Akaikuta chupa ya mafuta juu ya rafu, akaiinua, akaitikisa. Imejaa.

"Mkwe wangu."

"Naam, mama."

"Mafuta haya huyatii."

Nikaichukua ile chupa, nikairudisha rafuni.

Akakaa juu ya dumu la maji. Akasema yeye pia alijiwekea kikombe. Kile chenye ufa, alichokuwa anakinywea mwanawe akija. Alikifunga kwenye kanga akakiweka chini ya nguo, akawa anakwenda kukitazama. Halafu siku moja akakitazama akaona kikombe tu.

"Mwanangu hakuwa kiti, baba," akasema. "Na huyu mwenye goti ni wake."

Alisema taratibu, bila kunilaumu. Akainuka, akanishika bega ili apite, akaenda zake. Mimi nikabaki na kuweka mkono juu ya kile kiti. Kinanifika chini kidogo ya kiuno. Mke wangu akikikalia, nami nimesimama kando, bega lake lilikuwa linanifika kwapani, kichwa sikioni. Hicho ndicho kitu pekee ndani ya nyumba hii ambacho bado kiko alipokiacha yeye. Kikisogea, sina kingine. Niandike hivyo hivyo, maana hakuna anayesoma: sikutaka kitoke. Tangu siku ya kwanza nilipokivuta kikagoma, nilifurahi. Ndiyo furaha pekee niliyoipata mwezi huu.

Nimempigia Bubu. Kesho.

Jumamosi, 15 Machi

Naandika karakanani, nimekaa juu ya ndoo ya grisi. Bubu ametoka kutafuta bomba refu la kuongezea nguvu. Kaniambia nipumzike. Sijafanya kazi yoyote ya kupumzikia.

Ilikuwa hivi. Tulitoa kiti chenyewe, tukaipindua baiskeli, magurudumu juu. Bubu akabana kichwa cha bomba kwenye jiliwa, akakaza kwa uzito wake wote. Alumini ikalalamika. Nilitazama pembeni. Twiga akashika fremu upande wa mbele, mimi nyuma. Goti kalifunga bandeji. Bubu akaonyesha kwa kidole: Twiga asukume kwenda kushoto, mimi kwenda kulia, fremu izunguke kama usukani wa lori. Moja, mbili, haya.

Twiga alisukuma hadi shingo ikatoka mishipa. Mimi nilisukuma. Fremu kimya. Tena. Kimya. Mara ya tatu Bubu akasema ajabu, nguvu yote hii, hata kulia halilii. Ndipo akatoka.

Twiga hakuachia fremu. Aliinama, akanichungulia kupitia katikati ya magurudumu.

"Baba. Unasukuma upande gani?"

Nikatazama mikono yangu. Ilikuwa imeshika mahali sahihi. Lakini miguu ilikuwa imejikita kinyume, na viganja vimewekwa kuvuta, sio kusukuma. Nimekuwa namzuia mtoto. Naapa sikujua. Baba na mwana tumeshindana, yeye na goti bovu, mimi na yangu.

Nilikuja kukaa hapa, nikatoa daftari. Nilidhani atakasirika. Afadhali angekasirika. Amenitazama tu, na macho yamejaa, akasema kwa sauti ya kuchoka, "Na mimi namkumbuka, baba. Huniulizi."

Ni kweli. Sijamwuliza hata siku moja. Nilikuwa nasema sawa.

Sasa amegeuka. Amekwenda kushika fremu upande wangu, ule mzito. Anasukuma peke yake, bandeji inateleza. Nataka kumwambia subiri Bubu arudi.

Inalia. Sauti nyembamba, ya kukera, kama mlango wa lifti uliokauka. Imesogea. Upana wa ukucha, sio zaidi. Pale bomba linapoingia kwenye fremu pametokea mstari mweupe, unang'aa, mahali ambapo hapajaona mwanga tangu siku nilipopafunga mimi.

Inauma. Kifuani, hapa, kama mtu kaniondolea plasta na ngozi yake. Inauma sana.

Twiga ameacha. Anahema. Hatazami bomba, ananitazama mimi. Amesogea kushoto kidogo, kaacha nafasi ya mikono miwili juu ya fremu. Anauliza kama naweza kusukuma naye. Ngoja niweke kalamu.