X Nyekundu kwa Mama Elifuraha

Jumamosi, jioni. Baridi ya leo haina adabu, Mlima Meru haujaonekana tangu asubuhi, na mikono yangu bado ni myekundu. Si kwa baridi.

Jana niliwafundisha watoto wa mtaa wetu hapa Levolosi kuchora bila penseli. Unakata umbo kwenye boksi, linabaki tundu. Unaliweka boksi juu ya karatasi, unachovya mswaki mkuukuu kwenye rangi, unaukwaruza kwa kijiti, rangi inaruka vitone vitone. Ukiinua boksi, umbo lako hilo hapo. Niliwaambia wakate kitu wanachokiona kila siku wakienda shule. Naomi, wa miaka minane, akakata X. Nikaona ni umbo jepesi, nikampongeza, na kwa ukarimu wangu usio na akili nikampa rangi nyekundu iliyobaki nilipopaka geti langu akafanye mazoezi.

Leo asubuhi nimeamshwa na nyundo. Kutoka nje, namkuta jirani yangu Mama Elifuraha, mjane, amekaa uani kwenye kochi lake, na wanawe wako juu ya paa wanang'oa mabati. Ukutani kuna X nyekundu. Ng'ambo ya korongo, kwenye njia ya shule, nyumba nyingi zilizowekwa alama hiyo zilibomolewa mwezi uliopita, na waliochelewa hawakuokoa hata mlango. Mama hakutaka kuchelewa.

Nilikwenda kumpa pole. Nilipousogelea ukuta nikaona ile X haikupigwa kwa brashi. Ilikuwa vitone vitupu.

Nikakigusa kimoja kwa kidole: rangi ya geti langu.

Watu wa bomoabomoa hawana muda wa kukwaruza mswaki.

Nilipiga kelele mpaka nikajishangaa: "Jamani, shukeni! Hiyo X imetoka kwangu!" Wakanitazama kama nimechanganyikiwa. Hapo Naomi akatokea mbio, vidole vyekundu, furaha tele.

"Madam, umeiona? Haijavuja hata kidogo!"

Kweli haikuvuja. Mungu anisamehe, kwa sekunde moja niliona fahari. Alichagua ukuta ule kwa sababu umepigwa plasta juzi na ni laini. Tena alinitii: nilitaka anachokiona kila siku, akanichorea.

Nikapiga magoti mbele ya Mama Elifuraha, nikamweleza yote. Nilisubiri matusi, na ningeyapokea. Hakunitukana. Aliutazama ukuta, kisha akaniuliza, "Na ile ya kweli ikija, mwanangu, nitaijuaje?"

Nikaenda kuchukua ndoo na brashi.

Vijana wamerudisha mabati. Mimi nimesugua ukuta mpaka mikono imechubuka, na wekundu bado upo kwa mbali. Lakini mama amekataa kochi lirudishwe ndani. Amelifunika turubai, amekaa pembeni yake. Anasema nguvu za kulitoa mara ya pili hana.

Kesho nikitoka kanisani nitakwenda kukaa naye hapohapo nje.