Mwalimu Aliyeketi Kwenye Pamba

Mjukuu wangu Nkwimba,

Mwangaluka! Huku Dutwa tumeamka salama. Mvua imenyesha, mjomba wako ameanza kulima, na ng'ombe wako mwekundu amezaa ndama jike.

Unauliza huko Mwanza utamjuaje mwalimu mzuri wa tuisheni kwa wanao. Ngoja nikusimulie tulivyompata wa mama yako. Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuingia huku, na mambo ya tuisheni nayo yakaanza. Mama yako Kabula alikuwa darasa la tano, na mbele ya mgeni hafungui mdomo kabisa. Wa kwanza kuja alikuwa bwana mmoja mwenye suti. Aliongea na babu yako mpaka chai ikaisha, asimtupie mtoto hata jicho.

Wa pili, binti aliyekuwa anasubiri ajira, alitukuta uani tunachambua pamba. Akaketi chini, akachambua na sisi. Mara Kabula akasema, "Mwalimu, hiyo ni chafu, usiichanganye na nyeupe."

"Umejuaje?"

Weee! Mtoto akaeleza wadudu wanavyoitia madoa, akaeleza mvua, akafika mpaka kwenye mizani ya wanunuzi. Na yule binti kazi yake kuuliza tu.

Kwa hiyo wakija hao walimu, vyeti utaviona baadaye. Waache wakae na watoto, wewe tega sikio.

Siku ile babu yako alininong'oneza, "Sasa hapa nani anamfundisha mwenzake?"

Nikamwambia, "Nyamaza wewe, mtoto anaongea."

Ni mimi, bibi yako.