Siku Sauti ya Kwanza Ilipotumbukia Shimoni

Nyumbani,
Chumba cha cherehani,
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa kitindamimba wetu,

Hujambo huko uliko? Kifua kimepona? Unakula kitu cha moto, au bado unajidanganya kwa mkate na chai? Mama amesimama nyuma ya kiti changu na amenikataza kugusa habari nyingine yoyote kabla sijauliza hayo. Basi nimeuliza, na majibu anayataka kwa maandishi.

Sisi huku tu wazima. Miguu ya Mama inamsumbua asubuhi, jua likipanda anaisahau. Mimi na cherehani yangu tunazeeka pamoja, ila yeye amepata mota mpya na mimi bado. Kidonda cha Baba kooni kimekauka kabisa. Sauti ndiyo haijarudi, kama daktari alivyotuonya. Ananong'ona tu, nasi tumezoea kumsogelea.

Najua tuliongea kwenye simu ulipotoka kambini, lakini nusu ya maneno mtandao uliyala, na nusu nyingine mimi nilikuwa nalia na kucheka kwa wakati mmoja. Mambo ya kitabu cha nyimbo za Baba hayataki haraka. Vuta kiti.

Faili ulilotutumia kabla hujaingia kwenye ile kambi yenu isiyoshika simu lilifika salama. Nililipeleka kwa Fundi Wino, mchapaji wa pale kona, yule ambaye vidole vyake havijawahi kuwa na rangi moja. Siku ya kwanza faili lilikataa hata kufunguka. Fundi akanieleza kwamba programu yake ya kupangia kurasa ni ya zamani, na wewe umetumia toleo jipya. Toleo la zamani haliwezi kusoma faili la toleo jipya. Akaanza kupakua toleo jipya, na kwa mtandao wa dukani kwake, ungeweza kushona suti nzima ukisubiri.

Nilirudi kesho yake na Mama. Safari hii faili lilifunguka, lakini kioo kikaleta onyo la rangi ya njano.

"Fonti haipo," Fundi akasema.

Mama akamtazama toka utosini hadi kwenye kandambili. "Fundi hayupo? Na wewe uliyekaa hapo ni nani?"

Mdogo wangu, tulicheka mpaka mteja aliyekuja kuchukua kadi za harusi akaingia kutazama kuna nini. Fundi alipopata pumzi akamweleza Mama kwamba fonti ni umbo la herufi, ni mwandiko ambao kompyuta inautumia, na mwandiko uliouchagua wewe yeye hana. Kisha, huku bado anajifuta machozi, akabonyeza "endelea". Nadhani kicheko ndicho kilichotuponza. Kompyuta ikajichagulia mwandiko mwingine, na hakuna kati yetu aliyejua imefanya nini.

Nakala ya majaribio ilitoka inapendeza. Nyimbo zote za Baba, ukurasa baada ya ukurasa, nota za do-re-mi juu na maneno chini yake. Mama aliibusu. Tukaipeleka kwa kwaya siku hiyo hiyo, maana tamasha la kumuaga Baba katika kazi yake ya kwaya lilikuwa linakaribia, na walitaka kuanza na ule wimbo wa mwisho, ule alioutunga kabla ya upasuaji. Unakumbuka kwamba hajawahi kumwimbia mtu? Alikupa wewe karatasi ukaondoka nayo. Kwa hiyo hapa hapakuwa na sikio lolote lililoujua isipokuwa la kwake.

Mwalimu wa kwaya akainua mikono. Wakaanza vizuri. Walipofika kwenye neno "amka", pale sauti ya kwanza inapotakiwa kupanda, wale akina mama wote kwa pamoja wakatumbukia shimoni. Chini kabisa! Bwana mmoja wa sauti ya nne, ile nzito ya chini, akamgeukia mwenzake akamuuliza, "Hawa wametufuata nini huku?" Hao wanaume nao walikuwa wameachwa juu mahali pasipowahusu, wanapiga yowe kama watu waliokanyagwa.

Watu walicheka, na mimi nilicheka, mpaka nilipomwona Baba. Alikuwa amesimama, mdomo unafunguka na kufungika, na hakuna aliyemsikia. Akapiga kiti kwa fimbo, akatoka.

Nilimkuta kwenye ngazi. Nikainama. Akanong'ona, "Zamani ningewaimbia mstari mmoja tu, wangeushika. Leo nakosewa mbele ya macho yangu na siwezi kukosoa." Halafu akasema, "Wimbo umeondoka na koo langu. Waambie wapumzike." Nilimshika mkono tukaenda nyumbani polepole.

Asubuhi mwalimu wa kwaya alikuja kwetu, na si mtu wa kukubali hapana. Aliweka ukurasa mbele ya Baba pamoja na penseli nyekundu. "Mwalimu wangu," akamwambia, "kama huwezi kutuimbia, tuonyeshe." Baba akaguna, akaichukua penseli. Akaanza kuweka vialama vidogo, kama koma, juu ya herufi hii, chini ya ile. Ukurasa ukajaa wekundu kama umeugua surua.

Hapo ndipo tukaelewa. Alama ya juu humwambia mwimbaji apande, ya chini humwambia ashuke, na kitabu kizima hakikuwa na hata moja! Zaidi ya hapo, maneno yalikuwa yamesogea, "a" imekaa chini ya nota ya "mka".

Tukamwita Fundi Wino. Alipoona alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini baadaye akatikisa kichwa na uso ukang'aa. "Hazijafutika," akasema. "Alama zimo ndani ya faili. Ni ule mwandiko maalumu wa nota ndio unaozionyesha, na kwangu haupo. Tukimpata mwenye nao, kazi imekwisha."

Mwenye nao ni wewe, na simu yako ilikuwa inajibiwa na yule mama wa kampuni asemaye hupatikani. Tulimsikia mpaka Mama akaanza kumjibu.

Nikamuuliza Fundi kama fonti inaweza kubaki kwenye kompyuta uliyoianzia kazi. Akasema kwa nini isibaki? Tukageuka wote tukamtazama Mama, kwa sababu kompyuta yako ya zamani iko chumbani kwake, na juu yake ameweka redio, na juu ya redio kuna kitambaa cha maua. Tangu uondoke hajaruhusu mtu aisogeze. Anaifuta vumbi kila siku kana kwamba unarudi jioni.

"Haitoki," akasema.

Baba akamsogelea akamnong'oneza sikioni. Mpaka leo hakuna anayejua alimwambia nini, nasi tumekoma kuuliza. Mama aliinuka, akatoa redio, akaifunga kompyuta kwa shuka kama mtoto anayepelekwa kliniki, akaketi nayo mapajani ndani ya teksi. Dereva alipofunga breki kidogo alikiona cha moto.

Iliwaka! Ilikohoa, ikanguruma, ikawaka. Fundi akaikuta fonti, akainakili kwenye flashi, akaiweka kwenye kompyuta yake. Alipolifungua faili alama zikawa zimerudi, lakini maneno bado yamekaa upande. Fundi akafikiri, akajipiga paji la uso: lile alilolifungua ni faili alilokwisha kulihifadhi baada ya mwandiko kubadilika, na yeye mwenyewe alisukuma mistari ili ienee. Akalifuta. Akarudi kwenye barua pepe yako, akachukua lile lako la asili ambalo hajaligusa, akalifungua.

Mdogo wangu, kila kitu kilikuwa mahali pake. Kila alama, kila silabi. Baba alipitisha kidole kwenye kioo, mstari kwa mstari, na kidole kilikuwa kinapanda na kushuka.

Mashine kubwa ya kuchapia iko mtaa wa pili na ina kompyuta nyingine, kwa hiyo Fundi hakutaka yatukute tena. Akatengeneza PDF yenye fonti zote ndani yake. Kwa lugha yangu ya ushonaji nilielewa hivi: mwanzo tulikuwa tunapeleka kitambaa na vipimo, kila fundi akishona kwa uzi alio nao. Sasa tumepeleka gauni limekwisha kushonwa, ni kuvaa tu. Nawe ukituma tena, utume gauni. Na fonti pia utume, tafadhali, moyo wa Mama hauwezi safari ya pili.

Tamasha lilijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Kwenye "amka" sauti ya kwanza ilipanda, ikazidi kupanda, na nywele zikanisimama. Nilimwangalia Baba. Hakulia kama nilivyodhani. Alikuwa anatabasamu huku kichwa kimeinama upande, kama mtu anayesikiliza habari njema iliyochelewa. Walipomaliza, watu walisimama, naye akawaashiria warudie. Wakarudia mara mbili. Mama aliyekuwa pembeni yangu alipiga vigelegele mpaka akapaliwa.

Habari nyingine: Fundi Wino sasa anakataa kubonyeza "endelea" kabla hajasoma onyo lote kwa sauti. Wateja wanalalamika.

Na hii nimeiweka mwisho makusudi. Jumanne Baba alikuja chumbani kwangu, akakaa karibu na cherehani, akanipa karatasi. Ni wimbo mpya, wa kwanza tangu hospitali. Nota zote zipo, sauti zote nne, lakini chini yake hakuna neno hata moja. Nikamuuliza maneno yako wapi. Akanivuta karibu: "Mimi nimejenga kilima. Mwambie mwanangu aandike tunakipanda kwenda kwa nani."

Nimekufungia karatasi hiyo humu. Kaa nayo taratibu.

Shangazi anakusalimu na anaulizia mchumba. Shemeji yako anakusalimu na anakutetea. Mama anakubariki, na Baba amenyanyua mkono kutoka kwenye kiti chake, hiyo ndiyo salamu yake. Mungu akutangulie katika kila ngazi unayopanda huko, akurudishe kwetu mikono ikiwa mizima na tumbo likiwa limejaa.

Ni mimi dada yako mkubwa, nikupendaye kwa herufi kubwa.