Jina la Msimamizi Wangu

Mama, shikamoo.

Huku Lukuledi jua linachoma na mabibo yameanza kuanguka. Nina aibu, na afadhali uisikie kwangu mwenyewe.

Jana nilikuwa nawafundisha makatekista jinsi Mtaguso wa Trento, ule mkutano mkuu wa maaskofu, ulivyolirekebisha Kanisa la Ulaya zamani zile. Nikawaeleza kwamba maparoko waliagizwa kuandika kila ubatizo kitabuni, pamoja na jina la msimamizi. Kwa mbwembwe nikaomba kitabu cha zamani cha parokia hii, nikafungua ukurasa wa ubatizo wangu mwenyewe, nikasoma: msimamizi, Skolastika. Nikacheka. "Huyu sijui kama bado yupo."

Darasa zima likamgeukia mama aliyesimama mlangoni na bakuli la kisamvu. Siku tatu amekuwa akinipikia na kuninawisha mikono, nami namwambia tu asante.

"Nipo, mwanangu," akasema. "Nilikuwa nangoja unitambue."

Ile kanga uliyonipa nimpelekee mama yangu wa ubatizo ilikuwa bado chini kabisa ya begi. Nilijiambia nitamtafuta siku ya kuondoka, wala sikukuuliza jina lake. Aliipokea kwa mikono miwili, akaulizia miguu yako, kisha akachukua jagi aninawishe nile. Nikamwomba lile jagi, nikamnawisha yeye kwanza. Nikamimina kwa haraka, maji yakamwagikia kanga.

Endelea kuipumzisha hiyo miguu, Mama, nakuombea. Yeye anakusalimu sana. Anasema kila asubuhi hunitaja kwenye sala kwa majina yangu yote mawili. Mimi lake nimelijua jana.

Mwanao,
Festo